Kijana anapokwenda baharini kwa mafunzo: maandalizi ya familia za Mbeya, Iringa na Njombe

Mwanafunzi wa ubaharia hapewi cheti cha ofisa wa zamu kwa kufaulu mitihani ya darasani peke yake. Mkataba wa kimataifa wa STCW wa mwaka 1978, unaoweka viwango vya mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia, uliofanyiwa marekebisho makubwa Manila mwaka 2010, unamtaka awe amefanya kazi melini. Anayesomea uongozaji wa meli lazima afikishe miezi isiyopungua 12 baharini ndani ya programu ya mafunzo inayotambuliwa, na 6 kati ya hiyo awe kwenye zamu za chumba cha usukani chini ya ofisa. Nje ya programu hiyo miezi inapanda hadi 36. Anayesomea injini naye anahitaji miezi 12 inayojumuisha karakana na bahari, 6 ikiwa ya zamu za chumba cha injini.

Chuo kinamwandaa mwanafunzi. Familia yake iliyoko Tukuyu, Makambako au Mafinga mara nyingi haiandaliwi na mtu, na safari nyingi hukwamia hapo hapo nyumbani: jina limekosewa kwenye cheti cha kuzaliwa, pesa zimeliwa na tapeli, au msiba umetokea na hakuna aliyejua amwambieje mtoto aliyeko katikati ya bahari. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa muda, kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku anapokabidhi karatasi zake baada ya kushuka.

Jambo moja kwanza, kwa sababu huulizwa sana Kyela. Miezi aliyofanya kazi kwenye meli za Ziwa Nyasa zinazotoka Itungi haihesabiwi katika hiyo 12, kwa kuwa STCW inahusu meli za baharini na si zile zinazofanya kazi maji ya ndani tu. Ziwa linamfaa kijana kuzoea maji, kamba na injini. Karatasi yake ya bahari atalazimika kuitafuta baharini.

Miezi sita kabla: macho, meno, na kuogelea

Anza na macho, tena ikiwezekana kabla hujalipa ada ya mwaka wa kwanza. Kipimo cha rangi hufanywa kwa kitabu chenye duara za nukta za rangi zilizoficha namba ndani yake. Kijana wa sitaha, yaani anayesomea uongozaji wa meli, asiyetofautisha nyekundu na kijani hatapewa cheti cha afya cha kazi hiyo, maana usiku meli hutambuana kwa taa: nyekundu upande wa kushoto, kijani upande wa kulia. Tatizo hili ni la kurithi, huwapata zaidi wavulana, na wengi wanaolo hawajijui. Hospitali yenye kitengo cha macho inaweza kulipima kwa dakika chache. Miwani haimzuii: ofisa wa sitaha anaruhusiwa kuvaa, mradi kila jicho likiwa na miwani lifikie kiwango cha 0.5. Akivaa, abebe jozi ya akiba na karatasi ya vipimo vyake.

Cheti chenyewe cha afya hutolewa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa majini, kwa hiyo cheti cha daktari wa kawaida wa wilayani hakitakubaliwa. Kinadumu miaka 2 tu, na kwa aliye chini ya miaka 18 ni mwaka 1. Ukikichukua mapema mno kitaisha yuko melini.

Meno yatibiwe nyumbani. Jino lililooza likianza kuuma siku ya nne baada ya kutoka bandarini, dawa iliyopo ni vidonge vya maumivu mpaka bandari inayofuata, ambayo inaweza kuwa wiki mbili mbele.

Chanjo ya homa ya manjano nayo isisubiri. Kadi ya njano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hakirudiwi. Hakikisha jina na namba ya pasipoti vimeandikwa sawasawa, na muhuri unasomeka.

Vijana wengi wa nyanda za juu hawajui kuogelea, na hakuna aibu katika hilo, kwa kuwa mito yetu ni ya baridi na ya kasi. Lakini mafunzo ya msingi ya usalama, ambayo lazima ayamalize kabla ya kupanda meli, yana sehemu ya kujiokoa majini: kuruka majini akiwa amevaa jaketi la kujiokolea, kugeuza boti ya mpira iliyopinduka, kujipandisha ndani yake. Anayeingia kwenye bwawa kwa mara ya kwanza siku hiyo hutapatapa na kumeza maji. Mtafutie bwawa la hoteli lenye mwalimu, Mbeya au Iringa mjini, afike mahali pa kuelea bila kugusa chini kwa dakika 5 na kuogelea mita 50 bila kusimama. Wanaokwenda kujifunzia Matema wakae mbali na midomo ya mito, kwa sababu ya mamba, na wakirudi wapime kichocho, maana ziwa linacho.

Majina

Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu ndipo panapoumiza zaidi.

Weka mezani cheti cha kuzaliwa cha RITA, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA na barua ya chuo. Soma majina herufi kwa herufi, ukimwita mtu mwingine asome pamoja nawe. Makosa yetu ya kawaida yanajulikana: jina la ubatizo lipo kwenye cheti cha shule lakini halipo RITA, "Mwakyusa" mahali pamoja na "Mwakiusa" mahali pengine, jina la babu limekuwa la katikati kwenye NIDA na la mwisho shuleni, tarehe ya kuzaliwa iliyosogezwa ili mtoto aandikishwe darasa la kwanza. Pasipoti itafuata NIDA na cheti cha kuzaliwa. Kitabu cha baharia kitafuata pasipoti. Vyeti vya mafunzo ya usalama vitafuata jina alilosajiliwa nalo chuoni, yaani lile la cheti cha kidato cha nne. Siku kampuni ya meli inapoomba viza, ofisa wa ubalozi ataona watu wawili.

Marekebisho huchukua wiki au miezi, na hufuata mpangilio. Tengeneza kwanza cheti cha kuzaliwa, kisha NIDA, kisha pasipoti, mwisho kitabu cha baharia. Ukianzia katikati utalipa mara mbili. Hati ya kiapo ya wakili inasaidia katika ofisi za ndani, ila isitegemewe mbele ya ubalozi wa nje.

Pasipoti huombwa mtandaoni kisha mwombaji hufika mwenyewe kwenye ofisi ya Uhamiaji kwa picha na alama za vidole. Kwa safari ya mafunzo ya mwaka mzima, pasipoti iliyobakiza chini ya miezi 18 itengenezwe upya. Nchi nyingi hudai ibaki na miezi 6 siku ya kuingia, na baharia hajui ataingia nchi gani mwezi wa tisa wa safari.

Kitabu cha baharia na vyeti vya ubaharia kwa Tanzania Bara viko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Zanzibar wana mamlaka yao. Kila karatasi itolewe nakala 3: moja kwenye begi tofauti na zile halisi, moja ibaki nyumbani kwenye bahasha, na picha ya simu inayosomeka kila kona, iliyohifadhiwa kwenye barua pepe ya kijana na ya mzazi mmoja.

Kabla hujatoa hata shilingi moja: kagua meli na wakala

Kila mwaka kuna wazazi wanaouza ng'ombe au shamba la miti kumlipa mtu wa Dar es Salaam aliyeahidi "nafasi ya meli". Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, unaofahamika kwa herufi MLC, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kugharamia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza hulipwa na mwenye meli. Mtu anayetaka "ya kufungua faili" au "ya nahodha" anakuibia, hata akiwa na ofisi yenye kiyoyozi.

Omba vitu vitano kwa maandishi: jina la meli, namba yake ya IMO (namba ya kimataifa ya kuitambulisha meli), bendera, jina la kampuni inayoiendesha, na bandari atakayopandia. Namba ya IMO ina tarakimu 7 na haibadiliki hata meli ikibadili jina, mwenyewe au bendera. Unaweza kuijaribu mezani kwa kalamu. Chukua tarakimu sita za kwanza, zidisha ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 6, ya tatu kwa 5, ya nne kwa 4, ya tano kwa 3 na ya sita kwa 2, kisha jumlisha. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na tarakimu ya saba. Mfano, 9074729: 63 + 0 + 35 + 16 + 21 + 4 = 139; inaishia na 9, na tarakimu ya saba ni 9. Namba iliyobuniwa na tapeli kwa kawaida haipiti hapa. Ikipita, itafute kwenye Equasis, tovuti ya bure inayotaka usajili wa barua pepe tu, uone kama meli ipo na inaendeshwa na kampuni ile ile uliyotajiwa.

Kisha soma mkataba wa kijana. Uandike muda wa mafunzo, posho na jinsi inavyolipwa, nani analipa nauli ya kurudi, na matibabu akiugua au kuumia. Ukikuta mkataba unasema miezi 6 "kuongeza au kupunguza mwezi mmoja", uelewe hivyo hivyo: anaweza kushuka baada ya miezi mitano au saba, kutegemea meli iko wapi. Tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza Novemba 2023, meli nyingi za kwenda Ulaya zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na hilo huongeza siku 10 au zaidi kwa mwelekeo mmoja. Sendofu ya dada yake isipangwe kwa kutegemea tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba.

Mtu mmoja wa kupigiwa simu

Kampuni itampa kijana fomu ya ndugu wa karibu. Nafasi ni moja au mbili. Familia zetu ni kubwa na kila mmoja ana haki ya kujua, lakini wa kupokea simu ya kwanza awe mmoja, na achaguliwe kwa sifa hizi: anaishi penye mtandao wa uhakika, anapokea simu zisizojulikana, hana presha wala ugonjwa wa moyo, anaelewa Kiingereza cha kutosha kuandika jina la hospitali na namba ya simu, na akiambiwa neno hatalimwaga kwenye kundi la ukoo kabla hajalielewa. Mara nyingi huyu ni baba mdogo, shangazi au kaka mkubwa kuliko mama mzazi. Mama asilione kama kunyang'anywa nafasi yake. Atajulishwa na mtu aliyekaa naye, uso kwa uso.

Namba iandikwe ikianza na +255, bila sifuri. Simu za kampuni huja na namba ndefu za nje au namba iliyofichwa, na wengi wetu hatuzipokei kwa kuogopa matapeli. Kwa muda wote wa safari, mtu huyu apokee.

Mtu huyo huyo abaki na karatasi moja yenye: jina la meli na namba ya IMO, jina la kampuni na namba ya ofisi yake ya usiku, jina na simu ya wakala, simu ya chuo, namba ya pasipoti na ya kitabu cha baharia, kundi la damu na mzio wa dawa kama upo. Ongeza na namba ya msimamizi wa usalama wa kampuni aliye nchi kavu. Kanuni za kimataifa za usimamizi wa usalama zinailazimu kila kampuni kuwa na mtu huyu, mwenye njia ya kuwafikia wakuu moja kwa moja, na jina lake hubandikwa melini. Ndiye wa kupigiwa endapo kijana, wa kike au wa kiume, ananyanyaswa na hawezi kusema mbele ya wakubwa wake wa melini.

Mkubaliane pia swali la siri. Tapeli akiiba akaunti ya WhatsApp ya kijana ataandika "nimekamatwa bandarini, tuma kwa namba hii". Mtu wa simu amuulize jambo ambalo halipo Facebook: jina la jirani aliyewauzia maziwa, au mbuzi aliyekufa mwaka gani. Akishindwa kujibu, hakuna pesa.

Laini ya Tanzania isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, na hapo WhatsApp, benki na pesa za mtandao huondoka nayo. Kama kijana anabadili laini huko nje, ile ya nyumbani ibaki kwenye simu ya kitochi, iwekewe vocha kila mwezi na ipige simu moja. Namba ya siri ya pesa abaki nayo mwenyewe.

Pesa

Posho ya kadeti, yaani mwanafunzi aliyeko melini, ni ndogo na wengine hawapewi kabisa, kwa hiyo mwaka huu msimtegemee kwa ada za wadogo zake wala bati za nyumba. Akishinikizwa atakopa kwa wenzake melini, na deni kati ya watu 20 wanaoishi sehemu moja huharibu mengi. Abebe dola 200 hadi 300 za dharura, noti safi zisizo na maandishi wala mikunjo, zigawanywe sehemu mbili. Kama kampuni inalipa posho, MLC inaruhusu sehemu yake itumwe moja kwa moja nyumbani. Fomu hiyo ijazwe kabla ya kupanda, na jina la akaunti lilingane na la benki.

Begi

Ndege nyingi huruhusu kilo 23 chini na 7 mkononi, na baharia mgeni hupanda meli kwa ngazi nyembamba inayocheza. Begi liwe la kitambaa kigumu, la kubeba mgongoni au begani, kwa sababu kabati la chumbani ni dogo na sanduku gumu halina pa kukaa. Vya lazima:

- ovaroli za pamba 2 au 3, zenye mikono mirefu. Za nailoni huyeyuka mwilini moto ukiwaka;
- buti za usalama jozi 1 zenye chuma kwenye vidole, kubwa kwa nusu namba ili soksi nene ziingie. Zivaliwe wiki mbili nyumbani kabla ya safari;
- mashati meupe 3, suruali nyeusi 2, viatu vyeusi, mkanda;
- nguo za ndani 10, soksi 10, malapa yasiyoteleza;
- sweta 1 nzito, fulana na suruali za ndani za joto seti 2, kofia ya sufu;
- sabuni, dawa ya meno na nyembe za miezi 3; pedi za miezi 6 kwa binti, kwa sababu meli nyingi haziuzi;
- dawa anazotumia kila siku za muda wote wa mkataba na mwezi mmoja zaidi, kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari kwa Kiingereza;
- daftari la mafunzo ndani ya mfuko usiopitisha maji, kalamu za wino 10, tochi ndogo.

Mtu wa Makete au Njombe anayeijua baridi ya Juni hudhani bahari yote ni joto la Dar es Salaam. Meli inaweza kuwa Bahari ya Uarabuni mwezi huu na Bahari ya Kaskazini mwezi ujao. Upepo wa sitahani na unyevu wa chumvi hupenya kuliko umande wa Kitulo.

Visivyokwenda: parachichi za Rungwe, mchele wa Kyela, maharage, asali, nyama kavu na ulanzi. Forodha za nchi nyingi hukamata vyakula na mbegu, na faini humwangukia yeye. Dawa za asili za unga usio na lebo ni hatari zaidi, maana bandarini unga usiojulikana hupimwa kama dawa za kulevya na meli nzima inaweza kuzuiwa. Kama bibi anataka lazima atoe kitu, majani ya chai ya Mufindi kwenye pakiti iliyofungwa kiwandani yanafaa, na ayatangaze kwenye fomu ya forodha.

Kushuka Dar es Salaam

Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 za barabara, na lori moja likilala Kitonga hufunga njia kwa masaa. Afike Dar es Salaam siku 3 kamili kabla ya ndege au meli, alale kwa ndugu, atumie chandarua. Malaria inamhusu sana kijana wa nyanda za juu, kwa kuwa hakukua nayo na mwili wake hauna kinga kama ya mtu wa pwani. Homa ikimpata ndani ya wiki nne baada ya kuondoka, amwambie ofisa wa tiba melini siku hiyo hiyo: "Nimetoka nchi yenye malaria." Ofisa wa Ufilipino au Ukraine anaweza asiifikirie, akampa dawa ya mafua.

Mazungumzo ambayo watu huyakwepa

Yafanyike nyumbani, wote wakiwepo, wiki moja kabla. Kwanza, msiba. Ikitokea mzazi au babu amefariki, kijana hataweza kufika. Kutoka Durban hadi Singapore ni kama maili 4,900 za baharini. Kwa mwendo wa noti 14, yaani maili 14 za baharini kwa saa, ni siku 14 hadi 15 bila kuona nchi kavu. Mazishi hayatamsubiri, na hilo alisikie kwa mdomo wa mzazi mwenyewe, akiwa hai: "Nikiondoka uko majini, endelea na kazi yako, utakuja kuweka jiwe kaburini." Maneno hayo, kwa wanaoyaweza, humsaidia kijana kuliko begi zima. Mkubaliane pia jinsi ya kumpa habari. Msimwandikie WhatsApp, kwa sababu anaweza kuisoma akiwa juu ya ngazi au peke yake zamu ya usiku. Mtu wa simu aijulishe kampuni, kampuni imjulishe nahodha, naye amwite na kumpumzisha zamu.

Pili, hatari zenyewe. Sisi tunaikumbuka MV Bukoba ya mwaka 1996 na Spice Islander ya mwaka 2011, na kila mama huwaza kuzama. Hizo zilikuwa meli za abiria zilizojazwa kupita kiasi. Kwenye meli kubwa ya mizigo, kinachowaua vijana zaidi ni kuanguka kutoka juu, kamba za kufungia meli zinazokatika na kuchapa, na matangi yasiyo na hewa. Chuma kinachopata kutu ndani ya tangi lililofungwa hula oksijeni, na mtu akiingia hupoteza fahamu baada ya pumzi chache. Wa pili humfuata kumwokoa, naye hubaki. Nyanda za juu tunalijua jambo linalofanana na hilo: jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa msimu wa baridi, ambalo hewa yake ya sumu haina harufu ya kukuonya. Mzazi amwambie kijana wake wazi kwamba haingii tangini bila hewa kupimwa na kibali kuandikwa, hata akiamriwa, hata rafiki yake akiwa ndani. Apige kengele. Kijana aliyelelewa kutii wakubwa anahitaji ruhusa ya nyumbani ili aweze kusema hapana.

Akiwa baharini

Siku 2 au 3 za kwanza atatapika, na ujumbe wake utakuwa wa kukata tamaa. Ajilazimishe mkate mkavu na maji kidogo kidogo, aangalie upeo wa macho. Usimwambie arudi, wala usimpigie nahodha. Wengi hupona wenyewe.

Saa zitawachanganya kuliko mnavyodhani. Melini wanahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo "zamu 08 hadi 12" ni saa mbili hadi saa sita kwetu, na hurudi tena 20 hadi 24. Akisema "nane" mtampigia saa nane mchana, naye amelala. Mkubaliane kuandikiana kwa saa za Tanzania tu, na kwa Kiswahili cha kawaida. Meli ikiwa Singapore wako mbele yetu kwa saa 5. Ikiwa Santos, Brazil, wako nyuma kwa 6. Sheria inamtaka apate mapumziko yasiyopungua saa 10 kwa kila 24 na 77 kwa siku 7, na simu ndefu za nyumbani huyala mapumziko hayo. Sauti fupi ya WhatsApp ni nafuu kuliko video: intaneti ya setilaiti ni ya kugawana.

Mtaifuatilia meli kwenye programu za simu zinazoonyesha meli ramani. Zijue mipaka yake. Toleo la bure hutegemea mitambo ya pwani inayosikia hadi kama maili 40, basi meli ikiingia bahari kuu alama hukwama au kupotea, na itakaa hivyo siku nyingi. Nahodha anaweza pia kuzima kifaa kinachotangaza mahali meli ilipo, ikiwa kwenye eneo la hatari. Pangeni kikomo cha ukimya kabla hajaondoka, mfano siku 10 zaidi ya tarehe aliyosema watafika. Kikipita, mtu wa simu aiulize kampuni kwa barua pepe na simu. Asipojibiwa kwa siku 2, aende kwa chuo na TASAC. Kuna pia SeafarerHelp, huduma ya bure ya saa 24 kwa mabaharia na familia zao, na bandarini kijana anaweza kuwatafuta watu wa Mission to Seafarers au Stella Maris, ambao hupanda meli, hutoa usafiri wa kwenda mjini na kumsikiliza mtu wa dini yoyote.

Kabla hajashuka

Mwezi wa mwisho, mkumbusheni karatasi. Daftari la mafunzo liwe na saini ya ofisa kwa kila kazi aliyofanya, na saini ya nahodha au injinia mkuu kila mwezi. Barua ya utumishi baharini itaje jina lake kama pasipoti, jina la meli, namba ya IMO, ukubwa wa meli au nguvu ya injini, tarehe ya kupanda na kushuka, na miezi ya zamu ya usukani au injini iandikwe peke yake. Isipoandikwa hiyo, mwombaji huambiwa arudi baharini. Kitabu cha baharia nacho kigongwe muhuri. Apige picha za kurasa zote na kuzituma nyumbani akiwa bado melini, kwa sababu maofisa hubadilishana, na kumtafuta nahodha aliyestaafu Odessa kwa ajili ya saini moja huchukua miezi. Mtu wa simu azifungue picha hizo siku hiyo hiyo, azilinganishe na bahasha iliyobaki nyumbani, na kama herufi moja ya jina imeruka, amwambie arudi kwa nahodha kabla ngazi haijashushwa.